Barua ya wazi kwa vijana wa karakana za Nyanda za Juu Kusini: kosa la vanishi halifunikwi kwa vanishi

Kamwene wanangu,

Nawaandikia ninyi mlio na karakana Mafinga, Makambako, Njombe, Uyole na Iringa mjini, mnaoshika randa asubuhi na kupiga vanishi usiku kwa sababu mteja hakomi kupiga simu. Kazi zenu naziona zikipita juu ya Fuso, zimefungwa kamba, zinaelekea Dar es Salaam. Maungio yenu ni mazuri na nayasifu bila kusita. Lakini kabati likishafika sebuleni kwa mtu, hakuna anayepiga magoti kutazama ulimi ulivyokaa kwenye tundu. Mtu anapitisha kiganja kwenye mlango, anaangalia unavyong'aa, na hapo ameshakupima. Inaniuma kuona kazi ya wiki mbili ikikataliwa kwa ajili ya saa mbili za mwisho.

Ninalowaomba mlishike ni hili: kosa lililotokea kwenye vanishi halifunikwi kwa vanishi nyingine. Mlango umefanya ukungu, kijana anaongeza mkono wa pili, yaani tabaka la pili. Umechuruzika, anaongeza wa tatu. Ukiona kosa, weka brashi au bunduki ya kupulizia chini. Acha pakauke. Tafuta chanzo. Ndipo utengeneze.

Nianze na ukungu mweupe, maana ndio unaowatesa sana huku kwetu. Unapiga nitro, ile vanishi inayokauka haraka kwa thina kuruka, safi kabisa jioni, mlango unang'aa, unakwenda kulala. Asubuhi unakuta weupe kama maziwa umetanda, hasa kwenye kona ulikopiga kwa wingi. Wengi mnamlaumu muuza vanishi. Mara nyingi hana kosa. Thina inaporuka haraka inaondoka na joto la mbao, uso unapoa kuliko hewa inayouzunguka, na unyevu wa hewani unatua juu ya vanishi ambayo bado mbichi na kunaswa humo. Sasa fikirini Mufindi yenye ukungu wa mchana kutwa, au Tukuyu mvua zikianza, au Makete mwezi wa saba. Huko unyevu uko tayari unasubiri.

Kama huna kipimo cha unyevu, tumia chuma cha randa. Kiache pale utakapopigia, kisha kitazame. Kikiwa kimetokwa jasho, usipige. Mwenye kipimo asipige nitro unyevu wa hewa ukipita asilimia 80. Saa nzuri huku kwetu ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa limeshakausha karakana, na mbao ziwe zimelala ndani humo humo ili zisiwe za baridi kuliko hewa.

Na ukungu ukishatokea? Msipige msasa kwanza. Subirini saa kavu ya siku inayofuata, chukueni thina inayokauka polepole, ile wauzaji wanayoiita ritada, ichanganyeni kidogo na thina ya kawaida, mpulize pazia jembamba sana juu ya pale palipopauka. Mtaona weupe unayeyuka mbele ya macho yenu, kwa sababu vanishi inalainika tena na unyevu ulionaswa unapata njia ya kutoka. Usipoondoka baada ya kurudia, ndipo msasa namba 320 na mkono mpya. Tiba hii ni ya nitro tu. Vanishi ya mafuta ikishakauka haiyeyuki kwa thina. Hiyo ni ya kusuguliwa na kupigwa upya.

Wenye kompresa, mwageni maji ya tangi kila siku kabla ya kuanza. Maji hayo yakipita kwenye mpira yanatoka na vanishi. Vile vishimo vya mviringo mnavyoviona mara nyingi ni mafuta: ya mashine, ya mikono, au ya polishi iliyokuwa kwenye samani ya zamani mliyoletewa kuikarabati. Futeni samani ya zamani kwa thina na kitambaa safi mara mbili, mkigeuza kitambaa, kabla ya msasa. Mkianza na msasa, mnayasukuma mafuta ndani ya mbao.

Sasa paina. Tumezungukwa na msitu wa Sao Hill, tunaishi kwa paina, na bado wengi mnaipaka rangi ya mbao kana kwamba ni mninga. Paina hainywi sawasawa. Sehemu laini inakunywa sana, sehemu ngumu inakataa, na mlango unatoka na mabaka. Tangulizeni sandingi sila, yaani kizibio cha kwanza cha mbao, iliyozimuliwa sana kwa thina, ikauke, mguse kwa msasa laini, ndipo mpake rangi. Vifundo vyenye utomvu vifuteni kwa thina mpaka kitambaa kisinate, kisha mvizibe kwa shelaki. Mkivipita, utomvu utapenya vanishi siku jua litakapopiga mlango ule, na mteja atawapigieni simu akiwa na picha.

Kuna gundi pia. Mnapobana fremu, gundi inachomoza kwenye kiungio na mnaifuta kwa kidole. Hapo mmeipaka kwenye nyuzi za mbao. Haionekani kwa macho, lakini rangi ikipita inakataa kushika, na panabaki alama ya kidole iliyo nyeupe pembeni ya kona. Kabla ya kupaka rangi, pangusa kazi nzima kwa kitambaa chenye maji kidogo na uitazame kwa ubavu, mwanga ukitoka dirishani. Penye gundi patabaki pamepauka wakati kwingine kote kumekolea. Weka alama kwa penseli, kwangua, piga msasa. Maji hayo yatainua nywele za mbao pia, nanyi mtazikata kwa namba 220 zikishakauka. Na msasa ufuate nyuzi daima. Mkwaruzo uliokata nyuzi hauonekani kwenye mbao kavu, ila rangi ikiingia utausoma kutoka mlangoni.

Michirizi msiiguse ikiwa nusu mbichi, mtaichana. Iacheni iwe ngumu kabisa, hata siku kadhaa, muikate kwa wembe ulioshikwa wima, kisha msasa wa maji namba 400 ukiwa umezungushwa kwenye kipande cha mbao. Mikunjo kama ngozi ya mzee kama mimi inatokana na kupiga mkono mzito juu ya mkono ambao haujakauka, na dawa yake ni kuikwangua yote mpaka chini. Hakuna mkato.

Mbao mbichi ni kosa la vanishi pia, ingawa mnalitafuta kwenye kopo. Bao la kati la mlango likisinyaa, linatoka kwenye mfereji wa fremu na kuonyesha mstari mweupe usiopakwa kitu. Pakeni bao la kati rangi na sila kabla ya kulifungia ndani ya fremu. Pigeni vanishi pande zote mbili za meza, hata chini asikoona mtu, la sivyo upande mmoja utavuta unyevu kuliko mwingine na meza itapinda. Kabati lililokaushwa vizuri Iringa mjini kiangazi litavimba likifika Dar, kwa hiyo achieni droo nafasi.

Kuhusu moto sitasema kwa upole. Petroli si thina, msiizimulie vanishi hata siku moja. Jiko la mkaa mnaloota kwa sababu ya baridi lisikae chumba kimoja na nitro. Vitambaa vilivyofuta mafuta ya kitani visirundikwe kona: vinapokauka vinatoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe usiku. Vitandazeni nje au mvilowanishe kwenye ndoo ya maji.

Mwisho ni mteja. Muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo kwa kawaida umepimwa kwenye joto la nyuzi 23 au 25, na Njombe mwezi wa sita asubuhi hamlioni joto hilo. Andikeni siku za kukauka kwenye makubaliano, zihesabiwe kama siku za kazi, na zilipiwe. Kwa kila kazi wekeni kipande cha mbao ile ile, kipigwe msasa ule ule, rangi ile ile na vanishi ile ile, mumwonyeshe mteja kabla hamjagusa kabati lake. Akikikubali, aweke sahihi yake mgongoni mwa kipande hicho na mkitunze mpaka atakapomaliza kulipa.

Mzee wenu,
fundi seremala, Mafinga