Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Palma ni jirani yetu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mtwara. Februari 8, 2025 wakuu wa nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam kwa sababu ya Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliokuwa umetekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari. Huku kwetu tuliufuatilia mkutano ule redioni, tena kwa uchungu, maana askari wetu wawili walikuwa wamepoteza maisha Kongo. Sina ugomvi na mkutano huo. Ila chukua ramani uiangalie. Palma, mji wa Msumbiji ulioshambuliwa Machi 2021, uko karibu na Mtwara mjini kuliko Masasi, ambayo ni wilaya yetu wenyewe. Habari za Palma tulizipata kwa simu za ndugu na kwa WhatsApp, uongo na kweli vikiwa vimechanganyika. Hakuna mkubwa aliyekuja kukaa na wananchi na kuwaeleza kinachoendelea ng'ambo ya mto Ruvuma, mpakani, na msimamo wa nchi yetu ni upi.

Vita vile vya waasi wenye siasa kali za kidini vilianza Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia, mji wa pwani kusini ya Palma. Vimekwisha kuwang'oa makwao watu zaidi ya milioni moja. Na Oktoba 2020 vilitufikia, wavamizi walipovuka mto wakaingia kijiji chetu cha Kitaya. Tangu siku hiyo mkulima wa mpunga bondeni Ruvuma anajua mengi kuhusu siasa za Afrika kuliko wachambuzi wengi wa runinga, ingawa hajawahi kualikwa kwenye kipindi.

Mheshimiwa, kusini hii haijaanza leo kubeba mambo ya nje ya nchi hii. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, lakini wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, Samora Machel akiwa kiongozi wao. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, wakimbizi walivuka kwa maelfu. Wazee wetu waliwapa mashamba ya mihogo, wakaozeshana nao, na Wareno waliposhambulia upande wetu wa mpaka hakuna aliyesema wageni warudishwe ili sisi tupone. Ndiyo maana hadi leo mtu ana mjomba Newala na shangazi Mueda, na msiba wa upande mmoja unachangiwa na upande wa pili.

Sasa linganisha na mwaka 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilisema hadharani kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliokimbilia Tanzania walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala, kituo chetu cha mpakani. Negomano ndiko linakotokea Daraja la Umoja, lililofunguliwa Mei 2010 kwa hotuba nzuri sana za undugu. Naelewa hofu ya usalama. Baada ya Kitaya nani asiyeielewa? Anayekimbia kuchinjwa anaweza kuandamana na anayechinja, na kazi ya kuwatenganisha ni ngumu. Lakini kazi hiyo ipo, ina utaratibu wake, na nchi iliyowapokea Warundi na Wakongo kule Kigoma kwa miaka mingi haiwezi kudai haiujui. Je, Mmakonde aliyekimbia kutoka Nangade, Msumbiji, na watoto wawili ni mkimbizi au ni mhamiaji haramu? Balozi wa nyumba kumi anayegongewa mlango usiku anahitaji jibu. Akimpa hifadhi ataitwa msaliti? Akimfukuza, huyo ni mpwa wake.

Jambo jingine linatuchanganya, nalo ni la Rwanda. Askari wake waliingia Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulioko Palma, Julai 2021, na Agosti wakashirikiana na Wamsumbiji kuirudisha Mocímboa da Praia. SADC nayo ikapeleka kikosi chake, Watanzania wakiwamo, kikaondoka Julai 2024. Kwa hiyo huko tulikuwa upande mmoja na Rwanda. Kongo, askari wetu walikuwa kwenye kikosi cha SADC kilichokabiliana na M23, kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linasaidiwa na Rwanda, na Rwanda inakanusha. Rafiki Palma, Goma sijui tumwite nani. Pengine kidiplomasia hilo ni jambo la kawaida. Kwenye baraza la kahawa tunaligeuza kila upande na hatulimalizi.

Wapo watakaosema vijana wa Cabo Delgado walidanganywa na dini tu. Mimi nakumbuka kwamba kabla ya risasi kulikuwa na rubi za Montepuez, mkoani humo humo, na wachimbaji wadogo waliofukuzwa kwa virungu mapema mwaka 2017. Kulikuwa na gesi pia, mradi wa dola bilioni 20 ambao TotalEnergies iliusitisha Aprili 2021 kwa sababu ya vita. Watu waliokalia utajiri huo walikuwa wa mwisho kuulizwa. Mtwara tunaijua ladha hiyo. Mwaka 2013 tuliposema gesi haitoki Mtwara kwenda Dar es Salaam, tulijibiwa kwa mabomu ya machozi na watu wakafa. Bomba la kuipeleka huko lilizinduliwa 2015. Huku hatukushika bunduki, na ninaomba serikali isichukulie hilo kuwa ni ridhaa ya milele, hasa sasa Likong'o pale Lindi inaposubiri kiwanda cha gesi kimiminika.

Ombi langu ni dogo. Njoo, na si Mtwara mjini hotelini. Njoo Kitaya, kisha Mtambaswala, ukae na wenyeviti wa vijiji na wanawake wanaovuka kuuza samaki na vitenge, utuambie waziwazi sheria inasemaje kuhusu anayekimbia vita, na nani wa kupigiwa simu akifika. Lakini njoo kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikishaanza hutapata mtu wa kukusikiliza, wote tutakuwa ghalani tukibishania bei.

Wako,
Mkazi wa Mtwara