Kabla ya kununua nyumba ya kale Lamu, gonga ukuta

Mhariri,

Watu wanaotafuta nyumba za kale katika mitaa ya Mkomani na Langoni huangalia mlango wa nakshi, zidaka (vishubaka vya ukutani) na boriti za dari, kisha bei. Ukuta hawaugusi. Na nyumba inayotaka kuuzwa mara nyingi huwa imeshapigwa lipu ya simiti, inang'aa.

Lipu hiyo ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Kuta hizi, nene karibu nusu mita, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutokea kwenye chokaa. Ukiuziba kwa simiti hukwama ndani, chumvi huganda, chokaa hugeuka unga, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza bila mtu kujua.

Gonga kwa vifundo vya vidole, hasa kuanzia sakafuni hadi kiunoni na karibu na birika la kuhifadhia maji. Palipolia kama debe tupu, lipu imeachana na jiwe. Palipo wazi bila lipu, chokoa maungio ya mawe kwa ufunguo: chokaa ikimwagika kama mchanga mkavu kupita pingili moja ya kidole, imekufa, na gharama yake itolewe kwenye bei. Boriti nazo zichome kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani.

Kabla ya kuziba chochote, tafuta maji yanatoka wapi: paa, mfereji, choo. La sivyo chokaa mpya itaifuata ile ya zamani.

Kisha chimbua maungio kwa tindo nyembamba, kina cha milimita 25 au mara mbili ya upana wa maungio, lolote lililo kubwa. Msumeno wa umeme hula jiwe pamoja na chokaa. Fungua sehemu ndogo kwa zamu, usiuache ukuta mzima bila kushikwa. Piga brashi, kisha lowesha kwa maji baridi, si ya chumvi. Changanya karai 1 la chokaa iliyozimwa (iliyolowekwa maji) vizuri na makarai 3 ya mchanga uliooshwa. Mchanga wa ufuoni usiooshwa unarudisha chumvi ile ile. Shindilia kidogo kidogo, na mianya mikubwa ijazwe vipande vya matumbawe. Funika kwa gunia bichi kwa wiki moja. Chokaa huganda polepole kwa hewa, na jua la kaskazi likiiwahi hupasuka na kupukutika.

Fundi atakwambia atie simiti kidogo tu ili ishike haraka. Mkatalie. Simiti ni ngumu kuliko tumbawe, kwa hiyo baadaye litakalomomonyoka ni jiwe lenyewe, na jiwe halizibiki kwa mwiko.

Mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, basi piteni kwanza kwenye ofisi ya Makavazi ya Kitaifa kabla ya kushika tindo.

Waashi wa chokaa,
Langoni, Lamu