Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: barua zetu kwa wabunge kuhusu plastiki

Wanachama wenzangu, habari za siku nyingi. Mambo ya ada na akaunti mhazini atawasomea mwenyewe, mimi nataka niongelee ile siku tuliyokaa pamoja kuwaandikia wabunge barua, maana ndo kazi kubwa tuliyofanya mwaka huu.

Kuna waliouliza kwanini tuhangaike na makaratasi wakati petisheni ya mtandaoni unabonyeza tu umemaliza. Jamani, barua mia zenye maneno yaleyale ofisi ya mbunge inaziona kama kitu kimoja, ila ya mpiga kura wa jimbo lake aliyeeleza mwenyewe mtaro wa nyumbani kwake unavyoziba chupa kila mvua ikinyesha, hiyo ni ngumu kuipuuza. Ndo maana hatukugawa barua iliyoandikwa tayari, tulitoa dondoo tu: jitambulishe, taja jimbo lako, sema ulichokiona, afu omba jambo MOJA. Hapo kwenye moja palizua mjadala mrefu kweli, huyu anataka mirija, huyu mifuko, huyu chupa, lakini ukiomba kumi mbunge atachagua lile rahisi au asichague kabisa.

Wengi mliishia kuomba sheria ya kumbana mzalishaji, yaani anayetengeneza vifungashio alipie na kuvikusanya, na mimi nawaunga mkono asilimia mia. Miaka yote tunaambiwa tatizo ni mtupa taka, wakati dunia inazalisha zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka na taka zinazorejelezwa ni kama asilimia 9 tu, sasa hapo hata tuokote usiku na mchana hatutamaliza. Na sheria zinawezekana, Rwanda ilipiga marufuku mifuko 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, Umoja wa Ulaya ukazuia mirija na vijiko vya plastiki 2021. Mkataba wa dunia wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, ulioazimiwa Nairobi Machi 2022, ndo umekwama, mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yaliisha bila makubaliano, kwahiyo tukisubiri huko tutasubiri sana, wabunge wetu ndo wa kuanza nao.

Kilichonigusa zaidi ni wale wazee waliosimulia vijana wakawaandikia. Mama mmoja alimrudisha kijana mara kadhaa, "hapana, sikusema hivyo", mpaka maneno yakawa yake kabisa ndo akasaini. Nawashukuru sana vijana kwa uvumilivu.

Majibu yameanza kuja, mengi ni ya "tumepokea" tu, ila ofisi moja imeomba tukutane nao na kamati inapanga tarehe. Aliyepata jibu lolote, hata la mistari miwili, ampe katibu nakala kabla ya mkutano huo, na ambaye hajajibiwa aandike tena akitaja tarehe ya barua ya kwanza.