Salamu za Idi kutoka Berlin, na dua kwa Mohamed Husen

Idi Mubarak, ndugu, jamaa na marafiki mlioko Dar, Tanga, Unguja, Mombasa na kwingineko. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu waliotangulia mbele ya haki.

Baada ya sala ya Idi ni desturi kwenda kuwazuru waliolala. Sisi wa huku makaburi ya wazee wetu tumeyaacha mbali, kwa hiyo leo naomba mumtie kwenye dua zenu mtoto wa Dar es Salaam aliyefia ugenini.

Mohamed Husen alizaliwa mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Mjerumani. Vita ya 1914 ilipoanza naye akaingizwa jeshini, mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya vita, wa kwake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa.

Akabaki. Usiku alihudumia wateja katika jumba la starehe la Haus Vaterland, na chuo kikuu akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili kwa ujira mdogo. Akaoa, akapata watoto. Wanazi waliposhika nchi kazi zikampungukia, akawa anaishi kwa vijisehemu vya sinema. Sinema ya mwaka 1941 ilimtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na Husen ndiye aliyepewa sehemu ya mwongoza njia wake. Kila nikilifikiria hilo moyo unaniuma. Mwaka huohuo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kizungu. Bila kufikishwa mahakamani akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba aliyokaa, tangu 2007 kuna kibamba cha shaba kilichozamishwa kwenye njia ya miguu, hakizidi kiganja. Jina lake limechongwa hapo. Ukitaka kulisoma, lazima uinamishe kichwa.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaokuja kusoma na kufanya kazi, wakiulizwa kila siku wametoka wapi, hadi wakajiona wageni wasio na mtangulizi. Watangulizi wapo. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili hapa miaka ya 1890. Martin Dibobe wa Kameruni aliendesha treni za mji huu, na mwaka 1919 yeye na wenzake waliiandikia serikali wakidai haki sawa na Wajerumani. Watu hawa walilipa kodi ya nyumba, walizaa, walizika.

Na jambo la furaha: kule Wedding, kitongoji cha Berlin hapa, barabara iliyopewa jina la Peters mwaka 1939, tangu Agosti 2024 kipande chake kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Watu wa Songea na Kilwa, hiyo ni yenu.

Atakayejaliwa kufika Berlin anijulishe, nitampeleka Brunnenstraße na Wedding mwenyewe. Nisalimieni wazee, watoto wapeni Idi yao. Idi njema, na Mungu atukutanishe tena mwakani tukiwa wazima.