Anayepokea malalamiko, yeye alalamikiwe kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba ofisi huru za malalamiko, zile za ombudsmani (afisa huru anayechunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya taasisi) na nduguze, zipimwe kwa idadi ya mafaili zinayoyafunga kila mwezi. Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi ya namna hiyo kwa miaka 19. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu mafaili anayoyasifu nimeyafunga kwa mikono yangu na najua yanavyofungwa.

Faili hufungwa mlalamikaji anapopata haki yake. Hufungwa pia ukimwandikia barua ya kumpa siku 14 alete kielelezo, na barua yenyewe ikamfikia siku ya kumi na mbili. Hufungwa akichoka. Hufungwa akifariki. Katika rejista yetu yote hayo yalikuwa na neno moja tu, "Limehitimishwa", na mwisho wa mwaka jedwali lilipendeza kweli.

Mzee mmoja alituletea malalamiko ya mafao yake ya kustaafu. Faili lake lilikaa miezi 14 bila mtu kuligusa, na lilipatikana siku tunahamisha kabati, limeanguka nyuma yake. Mzee akaandika barua ya pili, safari hii akitulalamikia sisi. Niliigonga mhuri, nikaiandika katika rejista, nikaiweka katika trei kama utaratibu ulivyotaka. Utaratibu ulisema barua yoyote inayohusu faili iende kwa afisa anayelishughulikia faili hilo. Basi ikaenda kwa yuleyule aliyelipoteza. Baada ya wiki moja akaandika majibu: uchunguzi umefanyika na haukubaini uzembe wowote. Majibu hayo niliyachapa mimi. Wahenga walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere, lakini hapa nyani alikuwa anajihukumu mwenyewe, na mimi ndiye niliyemletea wino.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ofisi fulani ya malalamiko ni huru, swali langu la kwanza huwa moja: mtu akiilalamikia ofisi hiyo yenyewe, barua yake inakwenda wapi?

Wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kuna mtu asiyeridhika na uamuzi, na kuna mtu asiyeridhika na alivyotendewa. Wa kwanza anadai hoja yake haikupimwa sawasawa. Huyo apewe afisa mwingine apitie upya, au aende mahakamani kama sheria inaruhusu. Wa pili hana ugomvi na uamuzi. Anasema simu yake haikupokelewa, faili lake lilipotea, alijibiwa kwa kejeli kaunta. Huyo anahitaji mtu asiyekula mshahara kwa hisani ya mkurugenzi. Ofisi ya ombudsmani wa huduma za fedha ya Uingereza ina mtathmini huru wa kazi hiyo: anapima jinsi mlalamikaji alivyohudumiwa, na hana ruhusa ya kugusa uamuzi wenyewe. Mpaka huo una maana yake. Angeweza kufungua uamuzi, kila aliyeshindwa angepanga foleni mlangoni kwake na kesi zisingekwisha. Naye angekuwa afisa wa kawaida wa ndani, tungerudi kwenye trei yangu.

Jambo la pili nililijifunza kwa aibu. Nikiwa bado mgeni kazini, mjumbe wa bodi alipiga simu masijala. Alikuwa mpole sana. Akaniomba nimwangalizie faili fulani limefika wapi, basi tu. Nikamwangalizia. Jioni msimamizi wangu, mama mmoja mkali ambaye bado namshukuru, akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "bodi ina haki ya kutuuliza tuna mafaili mangapi yaliyopitisha mwaka. Haina haki ya kutuuliza faili la nani." Nimesoma miongozo ya utawala bora yenye kurasa nyingi na bado sijaona iliyoupita mstari ule. Bodi ipo kupitisha bajeti, kulinda uhuru wa ombudsmani na kumhoji kwa nini watu wanasubiri. Ikianza kuuliza faili la nani, hapo imegeuka dirisha la upendeleo, hata kama wajumbe wake ni watu wema. Na yule wa simu nadhani alikuwa mtu mwema. Baadaye nilisikia kwamba mlalamikaji ni shemeji yake. Rejista ya maslahi ya wajumbe tulikuwa nayo, daftari zuri lenye jalada gumu, lakini kwa miaka yote niliyokuwa pale sikumwona mtu akilifungua.

Kuhusu uteuzi na muda wa kazi, msomaji mwenzangu aliupita kwa sentensi moja, nami naona hapo ndipo penye mzizi. Sweden ilipoanzisha cheo cha ombudsmani katika katiba yake ya 1809, ililipa bunge kazi ya kumchagua, ili mtu wa kuwachunguza watumishi wa mfalme asiwe mtumishi wa mfalme. Wazo hilo liliposafiri, kila nchi ililikata kwa mshono wake. Tanzania ilipounda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ya kwanza ya aina yake Afrika, ripoti za tume zilikwenda kwa Rais. Uingereza nayo, kwa sheria ya 1967, ilimtaka mwananchi apitishe malalamiko yake kwa mbunge kwanza. Kila mshono una sababu zake za wakati wake, lakini ukitaka kujua ofisi inamwogopa nani, tazama ripoti yake inaanzia meza ya nani.

Mwaka 2019 Tume ya Venice, chombo cha ushauri wa kisheria cha Baraza la Ulaya, ilitoa kanuni 25 kuhusu ombudsmani, na Desemba 2020 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitambua katika azimio lake. Nyingi utazikuta katika kila semina. Mbili zilinigusa. Ya kwanza inasema ombudsmani akae kipindi kirefu kuliko cha wale waliomteua, na inafaa kiwe kimoja tu kisichopungua miaka saba. Mkuu wetu alikuwa na mkataba wa miaka miwili miwili. Miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha, mafaili yaliyoigusa wizara inayousaini yaliongeza uzito ghafla. Yalihitaji "ushauri zaidi", yalisubiri "maoni ya kitaalamu". Sijawahi kusikia mtu akimpigia simu kumtisha. Hapakuwa na haja.

Ya pili inahusu fedha. Ukaguzi wa hesabu uangalie kama fedha zimetumika kihalali, usiwe mlango wa kumpangia ombudsmani achunguze nini. Kwetu mkaguzi mmoja aliwahi kuhoji kwa nini tumetumia nauli nyingi kufuatilia malalamiko ya wafungwa, akashauri tujikite kwa "wateja wanaofikika". Wafungwa, Mhariri! Kama wapo watu duniani wasioweza kuja kaunta yako, ni hao. Na zile ofisi zinazolipiwa na kampuni zinazolalamikiwa, mabenki, bima na kadhalika, fedha hiyo si najisi alimradi mchango uwe wa lazima na ada ya kesi ilipwe ileile, kampuni ishinde ama ishindwe. Mlalamikaji asilipe kitu.

Kuhusu uwazi sitasema mengi, maana kila mtu anausifu. Ila nikumbushe kwamba ombudsmani wengi hawana nguvu ya kuamuru, hupendekeza tu. Silaha yao ni kutangaza. Ripoti ya mwaka isiyotaja taasisi iliyokataa kutekeleza mapendekezo ni panga lililoachwa alani. Ripoti yetu ya mwisho niliyoishughulikia ilikuwa na picha 31 za mkurugenzi, nilizihesabu wakati nazipanga, na haikuwa na jina hata moja la taasisi iliyokaidi.

Sidharau takwimu. Napenda takwimu, ndizo zilizonilisha. Lakini ningependa kuona nyingine: mafaili mangapi yamefungwa baada ya mlalamikaji kunyamaza, mangapi mapendekezo yake yametekelezwa kweli na si kuahidiwa, na malalamiko mangapi dhidi ya ofisi yenyewe yameonekana kuwa na msingi. Ofisi itakayonitangazia sifuri kwenye hiyo ya mwisho, nitamwomba karani wake anioneshe trei.

Namwomba msomaji mwenzangu afanye jambo dogo. Siku akipita katika ofisi yoyote ya malalamiko, asiulize wamefunga mafaili mangapi. Aombe kaunta fomu ya kuwalalamikia wao. Akipewa, asome chini imeandikwa itapokelewa na nani. Ofisini kwetu hadi nastaafu fomu hiyo haikuwapo. Ya kuombea karatasi za kuchapia ilikuwapo, tena kwa nakala tatu.

Wako,
Karani mstaafu wa masijala