Mwenye kiti cha enzi cha Mysore asiombe kura

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wazao wa wafalme wa India imewatia wote kapu moja: watu wa majumba yaliyogeuzwa hoteli, magari ya kale na harusi za kifahari. Nilisoma Mysore, mji wa kusini mwa India, kama walivyosoma Watanzania wengi, na kwa mji ule naomba niseme tofauti. Pale mwenye jina la ufalme, Yaduveer Wadiyar, ana kazi, tena nzito, na kwa sababu ya uzito huo naona alikosea kuingia bungeni.

Tukumbushane kwanza. Mwaka 1971, serikali ya Indira Gandhi ilipitisha marekebisho ya 26 ya Katiba. Vyeo vya wafalme vikafutwa, na ikafutwa pia posho waliyoahidiwa walipokubali kuziunganisha nchi zao, zaidi ya 500, na India huru. Mtawala wa Mysore, Jayachamaraja Wadiyar, alikuwa amepangiwa rupia 2,600,000 kwa mwaka. Ahadi ilivunjwa, hilo halina ubishi. Hata hivyo naona Indira alifanya sawa. Mkulima wa miwa wa Mandya, jirani na Mysore, hana deni kwa mtu yeyote eti kwa kuwa mtu huyo amezaliwa jumba la kifalme.

Kilichobaki baada ya hapo ndicho mwandishi wenu hakukiona. Kila mwaka, inapokaribia Navaratri, ibada ya Kihindu ya siku tisa ambayo Mysore huishia kwa sikukuu ya Dasara, kiti cha enzi cha dhahabu kinatolewa vipande vipande kwenye chumba cha hazina na kuunganishwa ukumbini. Mkuu wa ukoo wa Wadiyar anafungwa uzi wa nadhiri mkononi, na tangu hapo hatakiwi kutoka nje ya jumba mpaka ibada zikamilike. Halipwi chochote kwa hilo. Jumba lenyewe liko chini ya bodi ya serikali, familia inaishi sehemu yake tu, na kuhusu viwanja vya jumba lao la Bangalore, ambavyo serikali ya jimbo ilitunga sheria ya kuvitwaa mwaka 1996, kesi zimekwenda mpaka Mahakama ya Juu ya India. Huo ndio utajiri ambao watu wanaupigia hesabu mitandaoni.

Siku ya kumi ndiyo ya maandamano makubwa ya Dasara, nayo ni ya serikali ya jimbo la Karnataka. Tembo hubeba kibanda cha dhahabu chenye uzito wa kilo 750 hivi. Zamani aliketi mfalme humo. Tangu miaka ya 1970 inaketi sanamu ya Chamundeshwari, mungu wa kike anayeulinda mji, na waziri kiongozi wa jimbo anapanda jukwaani kumrushia maua. Mwaka ujao anaweza kuja waziri wa chama kingine, maua ni yale yale. Nawasifu sana watu wa Mysore kwa hili. Mfalme alipoondolewa, mahali pake hawakumkalisha mwanasiasa. Walimkalisha yule ambaye hata mfalme alikuwa akimsujudia.

Mapenzi ya watu kwa ukoo huu yana sababu. Krishnaraja Wadiyar wa Nne ndiye aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Mysore mwaka 1916, chuo kilichonisomesha mimi mtu wa Arusha. Enzi zake umeme wa maporomoko ya Shivanasamudra ulianza kuzalishwa, mwaka 1902, na bwawa kubwa la mto Kaveri likajengwa. Amma, mama mwenye nyumba niliyopanga, alikuwa na picha yake sebuleni, kilemba na mkufu wa lulu, imetundikwa hatua moja chini ya picha za miungu. Kila Ijumaa aliivisha shada jipya la yasmini.

Sasa sikiliza alichofanya Amma huyo huyo mwaka 2004. Srikantadatta Wadiyar, mkuu wa ukoo wakati ule, alikuwa mbunge wa chama cha Congress anayetetea ubunge wake. Amma alimnyima kura, na hakunong'ona. Alisema mbele ya majirani kwamba mtu wa jumbani hajui kitunguu ni bei gani sokoni. Srikantadatta akaanguka. Ilipofika Oktoba, Amma alitoka na mkeka wake alfajiri kuwahi nafasi barabarani, akakaa juani mpaka tembo Balarama alipopita na kibanda cha dhahabu mchana. Nilimuuliza kama amemsamehe Wadiyar. Akanishangaa. Kwake hapakuwa na cha kusamehe: kura ni kura, Dasara ni Dasara.

Sio yeye peke yake. Srikantadatta alishinda ubunge mara 4 kwa Congress, na alipogombea kwa BJP, chama pinzani cha Congress, mwaka 1991 aliangushwa. Wapiga kura wa Mysore hawajawahi kuchanganya heshima na kura, na mtu anayesema wanaburuzwa na ufalme anawadharau.

Wanaochanganya ni wenye vyama. Srikantadatta alifariki Desemba 2013 bila mtoto. Mjane wake, Pramoda Devi, alimuasili Yaduveer, mjukuu wa dada wa marehemu, kijana aliyekuwa amesoma Marekani, akatawazwa Mei 2015. Kwa miaka 9 alifanya yale ya kiti cha enzi na hakuwa na chama. Mwaka 2024 BJP wakamsimamisha, akashinda. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo, ambayo ni ya Congress, ilimwalika mwandishi Banu Mushtaq, mshindi wa tuzo ya International Booker, kuizindua Dasara. Banu ni Mwislamu. Viongozi wa BJP wakapinga, watu wakaenda mahakamani, mahakama zikatupa maombi yao, na Septemba 22, 2025 akaizindua.

Ugomvi ule ulihitaji mtu mmoja wa kusema, kwa niaba ya kiti, kwamba mgeni amekaribishwa, na mji mzima ukamsikia. Mwenye kiti alikuwa tayari mbunge wa chama kilichokuwa kikipinga. Lolote ambalo angelisema lingepimwa kwa mizani ya chama, hata kama limetoka moyoni kabisa. Hapo ndipo niliposikitika. Waislamu wa Mysore ni wengi, na mji ule ni wao pia.

Jirani zetu Uganda waliliona hili mapema. Falme zao zilifutwa mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993, na Katiba ya 1995 ikamkataza kiongozi wa jadi kushiriki siasa za vyama maadamu yuko kwenye nafasi hiyo. Kabaka, mfalme wa Buganda, amebaki na watu wake wa vyama vyote. India haiwezi kuandika sheria ya namna hiyo, kwa sababu kisheria cheo hakipo; Yaduveer ni raia kama Amma, na haki yake ya kugombea ni kamili. Nami singetaka azuiwe. Aliyenyang'anywa cheo kwa jina la usawa hawezi tena kunyimwa usawa wenyewe.

Ndiyo maana ombi langu ni kwake yeye. Muda wa Bunge hili unaishia 2029. Akiona ubunge ndio wito wake, mwanawe yupo, aliyezaliwa 2017, na ukoo una wazee wa kumshika mkono mtoto mbele ya kiti. Akiona kiti ndicho wito wake, awaachie wengine fomu za uchaguzi. Na nyinyi, Mhariri, mkirudi kuandika habari za wazao wa wafalme, tumeni mtu akakae na akina Amma kwanza, hoteli za majumbani baadaye.

Msomaji wenu,
Arusha