Barua kwa mwanangu: kumbe ule mkia

Mwanangu, habari ya huko chuo. Sisi tuko salama, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Nimesoma ile stori ya mkia wa ndege ulinitumia kwa wasap juzi, nikairudia mara mbili, na nataka unisamehe kwa yale nilisema mbele ya wajomba zako, ati nalipa fizi usome mapenzi ya wanyama. Wote wakacheka, wewe ukanyamaza ukaendelea kumenya viazi.

Kumbe huyo mtafiti wa ndege, Malte Andersson, alitoka Sweden akaja hapa hapa kwetu Kenya, Kinangop! Hao ndege wa mkia mrefu, wale Wazungu wanaita widowbird, nimekua nao, dume jeusi tii, bega jekundu, mkia wa nusu mita unaburuta hewani, jike ni kahawia tu hata humwoni kwa nyasi. Mvua ikinyesha tulikuwa tunawakimbiza, maana mkia ukilowa harukii mbali. Na hakuna hata mmoja wetu aliwahi kujiuliza, sasa mzigo wote huu wa nini?

Jamaa akashika madume 36, wengine akawakata mkia ukabaki kama sentimita 14, vile vipande akawabandikia wengine kwa gundi mpaka wakafika karibu sentimita 75. Lakini walionifurahisha ni wale aliowakata halafu akawarudishia mkia wao wenyewe, asije mtu akasema ni gundi ndio imeleta mambo. Huyo ni fundi. Kisha akahesabu viota kwa eneo la kila dume, wale wa mkia wa kuongezewa wakapata viota vipya vingi kushinda wote, na waliokatwa nao hawakunyang'anywa maeneo yao, kwa hivyo mkia si wa kutisha madume wenzao, ni majike wanachagua. Darwin alisema hivyo 1871 na wengi wakambishia. Hapo mamako alicheka, akasema yeye alinichagua bila kuona mkia wowote.

Sasa nikuulize, kama jike anapenda mkia mrefu hata kushinda ule wa kuzaliwa nao, mbona haujazidi kurefuka miaka yote hii? Mimi nasema ni ile mvua. Uliza mwalimu wako.

Ukifunga njoo mapema, usipitie kwa shangazi kwanza. Jirani ameanza kulima viazi ile nyasi ya kule chini, jana nimeona madume wawili tu, na trekta limerudi leo asubuhi.

Babako